Jinsi ya Kukagua Bomba la Majitaka kwa Kamera Katika Nyumba ya Zamani

Maswali ni yale yale. Kamera inazibua? Ninunue au nikodi? Mbona kwenye skrini naona maji matupu? Fundi amenionyesha ufa na sasa anataka kuchimbua ua wote, nimwamini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kufungua mfuniko wa chemba hadi kuosha kebo. Ni kwa ajili ya mwenye nyumba aliyekodi kamera na fundi bomba ambaye ndiyo kwanza anaishika. Hata kama kazi utampa mtu mwingine, soma ili ujue cha kumdai.

Tuanze na lile la kwanza. Kamera haizibui chochote, inaonyesha tu. Na inachoonyesha hakikusaidii kama hujui kiko mita ngapi kutoka ulipoingilia, kiko chini ya sehemu gani ya ua, na bomba lilikuwa katika hali gani ulipokuwa unalitazama. Video ndefu isiyo na umbali ni sinema ya uchafu.

Jua bomba lako ni la nini

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Mabomba ya udongo wa kuchoma yalitengenezwa kwa vipande vifupi, kwa hiyo yana maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa mizizi. Mabomba ya chuma huliwa na kutu kutoka ndani, hasa upande wa chini ambako maji hupita kila siku. Kati ya miaka ya 1940 na 1970 nchi kama Marekani na Uingereza zilitumia pia mabomba ya nyuzi zilizolowekwa lami. Haya hulegea, hubonyezwa na uzito wa udongo hadi kuwa bapa, na ukuta wake wa ndani huota malengelenge. Yapo ya saruji, yapo ya saruji yenye asbestosi. Ya asbestosi kuyatazama kwa kamera hakuna shida, ila usiyakate wala kuyavunja mwenyewe. Plastiki ya PVC ilikuja baadaye.

Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu huwa na mchanganyiko wa hayo yote kwenye njia moja. Pale bomba la zamani linapokutana na jipya ndipo pa kutazama kwa makini kuliko pengine, maana mara nyingi waliounganisha walikuwa na haraka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera ya kusukuma yenye kebo ngumu ya fibaglasi. Kichwa cha milimita 25 hadi 35 kinafaa bomba la milimita 100. Kebo ya mita 30 inatosha nyumba nyingi, lakini kwanza pima kwa futi kamba kutoka chooni hadi linapoishia bomba, iwe ni bomba kuu la mtaa au tangi.
- Kaunta ya umbali na uwezo wa kurekodi. Kamera isiyo na kaunta bado inatumika, ila funga utepe wa rangi kwenye kebo kila baada ya mita 1 na uandike namba.
- Transmita, yaani kifaa cha kurusha ishara, ndani ya kichwa cha kamera, kwa kawaida ya 512 Hz, pamoja na kipokezi chake cha kushika mkononi. Bila hivi utajua tatizo lipo, lakini la kumwonyesha mchimbaji hutakuwa nalo.
- Vishikizi vya plastiki vinavyovalishwa kichwa cha kamera ili kikae katikati ya bomba, kisitambae kwenye tope.
- Glavu nzito za mpira, miwani ya kukinga macho, buti, na nguo usizozionea huruma.
- Spana ya bomba, bisibisi, mtaimbo wa kunyanyulia mfuniko, ndoo mbili, matambara, sabuni ya vyombo, dawa ya klorini.
- Daftari, kalamu, chaki au rangi ya kupulizia.
- Mtu wa pili. Mmoja husukuma na kutazama, mwingine hufungua maji, hutembea na kipokezi na kuandika.

Kununua au kukodi? Kwa nyumba moja, kodi. Kamera za waya laini zinazochomekwa kwenye simu hazifai kwa njia kuu. Si kwa sababu picha yake ni mbaya, bali waya wake hausukumiki: ukifika kona ya kwanza unajikunja nyuma ya kichwa na kubaki hapo. Zitumie kuchungulia bomba la sinki, basi. Ukiwa unakodi, jambo la kudai kabla ya yote ni transmita. Picha inayojinyoosha yenyewe, ili juu ibaki juu, ni ya pili. Ubora wa picha uje mwisho.

Usalama, usiuruke

Hewa ya majitaka ina haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Kiwango chake kikiwa kikubwa, pua huacha kuinusa, kwa hiyo harufu kutoweka si dalili kwamba hewa imesafika. Kuna methani pia, nayo hushika moto. Usiingize kichwa kwenye chemba, usishuke ndani hata kwa dakika moja kufuata spana iliyoanguka, na usivute sigara karibu. Watu wamekufa kwenye chemba, na waliowafuata kuwaokoa wakafa juu yao.

Majitaka hubeba vimelea vya hepatitisi A na leptospirosisi. Mkono wenye mkwaruzo usiguse kebo bila glavu, na mkono wenye glavu usiguse simu wala uso.

Uliza pia kama kuna mtu amemwaga dawa ya kuzibulia siku za karibuni. Watu hawaisemi mpaka waulizwe. Dawa hiyo huunguza ngozi na macho, na inaweza kuwa bado imekaa ndani ya bomba lililoziba, ikisubiri ufungue kifuniko. Ikiwa ipo na maji hayapiti, acha kamera na umwite mwenye vifaa vya kuiondoa.

Hatua za kazi

1. Chora nyumba, kisha uliza bomba maswali. Chora karatasini vyoo, mabafu, sinki, chemba, bomba la hewa, miti mikubwa, na upande unakodhani bomba linaelekea. Kisha jaribu maji. Sinki moja likichelewa peke yake, tatizo liko kwenye tawi lake na huenda huhitaji kamera kabisa. Ukivuta choo cha juu halafu maji yakapanda kwenye bafu la chini, tatizo liko kwenye njia kuu. Jaribio hili halina gharama, na ndilo wanaoanza hulisahau.

2. Chagua pa kuingilia. Bora kabisa ni chemba, au mdomo wa kuzibulia wenye kifuniko cha skrubu. Vikikosekana, ng'oa choo cha kukaa na uingie kwenye bomba la sakafuni, ukiwa umeandaa pete mpya ya kuzibia chini yake, maana ya zamani haitarudi vizuri. Usipitishe kamera ndani ya choo chenyewe: kona zake ni kali na kichwa kitakwama. Kuingilia bomba la hewa juu ya paa kunawezekana, lakini kuanguka kutoka paani si malipo ya haki kwa kutazama mizizi.

3. Fungua taratibu. Kama njia imeziba, nyuma ya kifuniko kuna safu ya maji inayosubiri. Simama pembeni, legeza skrubu nusu mzunguko, ngoja. Maji yakianza kuchuruzika, weka ndoo na uyaache yapungue kabla ya kufungua zaidi. Kifuniko cha shaba kilichogandana na bomba la chuma la miaka mingi usikilazimishe kwa spana ndefu, utapasua mdomo wote. Kipashe joto kidogo kwa maji ya moto au tafuta pengine pa kuingilia.

4. Waambie wa nyumbani. Hakuna kuvuta choo, kuoga wala kuwasha mashine ya kufulia hadi utakaposema. Mashine humwaga maji mengi ghafla, mengine ya moto yenye povu, na skrini yako itakuwa nyeupe kwa dakika kadhaa.

5. Andaa kamera. Washa, tazama picha ukiwa bado juu, futa kioo. Pakaza tone la sabuni ya vyombo kwenye kioo na ulifute hadi libaki utando tu. Mafuta hayatashika haraka. Valisha vishikizi. Weka kichwa kwenye mdomo wa bomba, rudisha kaunta kwenye 0, anza kurekodi. Sema kwa sauti tarehe, umeingilia wapi na unaelekea wapi. Miezi sita baadaye hutakumbuka kama ulikuwa unaelekea mtaani au unarudi ndani.

6. Sukuma kidogo kidogo. Mkono mmoja uwe karibu sana na mdomo wa bomba, ukisukuma kama sentimita 30 kwa mara moja. Ukishika kebo mbali, itapinda kati ya mkono wako na bomba, na kebo ya fibaglasi iliyopinda sana huvunjika. Mwenzako afungue maji kidogo tu, mtiririko mwembamba. Yanapunguza msuguano, yanaosha kioo, na yanakuonyesha upande wa chini uko wapi.

7. Kwenye kona usitumie nguvu. Rudi kidogo, zungusha kebo robo mzunguko, jaribu tena kwa msukumo mfupi mfupi. Kamera nyingi hupita kona za nyuzi 45 bila taabu, na za nyuzi 90 moja au mbili. Ya tatu huwa ngumu, kwa sababu msuguano wa kona zote zilizotangulia umejumlika. Ukiona huwezi, ingilia upande mwingine.

8. Ukikutana na kizuizi, simama. Kamera si waya wa kuzibulia. Kugonga tope kwa kioo ni njia ya uhakika ya kukikwaruza. Mizizi ni mbaya zaidi: kichwa hupenya kati yake kikienda mbele, kisha hung'ang'aniwa kikirudi. Andika umbali, toa kamera, na kama inawezekana ukitazame kizuizi kutoka upande wa chini, ambako bomba halina maji.

9. Fika mwisho, lakini usipitilize. Bomba la nyumba linapoingia bomba kuu utaona nafasi imepanuka ghafla na maji yanakatiza mbele yako. Simamisha kichwa kabla ya ukingo. Kikining'inia ndani ya bomba kuu, mkondo hukivuta pembeni na vishikizi vinanasa wakati wa kurudi. Kwa tangi, utaona maji yaliyotulia mbele yako.

10. Ukaguzi halisi ni wakati wa kurudi. Ukienda mbele unasukuma, unatikisa, unachafua maji. Ukirudi, kebo imenyooka na picha imetulia. Wakaguzi wa mabomba makuu ya mtaa hujiwekea kikomo cha mita 9 kwa dakika. Wewe nenda nusu ya hapo. Simama kwenye kila ungio lenye shaka kwa sekunde tano. Taja umbali, kisha taja mahali kwenye mzunguko wa bomba kwa namba zilizochorwa kwenye saa ya ukutani: 12 ni juu, 6 ni chini, 3 kulia, 9 kushoto. Taja namba tu, usiseme "saa", la sivyo atakayesikiliza atahesabu saa za asubuhi na kutafuta ufa upande usio wake.

11. Weka alama juu ya ardhi. Rudisha kichwa kwenye tatizo, washa transmita. Mwenzako atembee na kipokezi juu ya njia ya bomba mpaka ishara ifikie kilele, kisha asogee mbele na nyuma. Kilele kinapaswa kuwa kimoja kikubwa, na vilele viwili vidogo pande zote mbili. Akikipata kidogo tu, amepotea. Soma kina, weka alama ya rangi, halafu upime kwa futi kamba kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe mbili za nyumba. Rangi huoshwa na mvua.

12. Safisha, kisha tazama tena. Bomba lililojaa mafuta na tope haliwezi kuhukumiwa. Lipigwe maji ya presha au lipitishwe waya wa kuzibulia, halafu rudia hatua ya 5 hadi ya 10. Nyufa nyingi na maungio yaliyohama huonekana mara ya pili tu. Mtu akikuletea uamuzi wa kubadilisha bomba zima kutokana na video ya kabla ya kusafisha, mwambie arudi.

Onyo moja linahusu hatua ya 12 na lina uzito wake. Tazama kwanza ndipo upitishe mashine yenye visu. Mashine za kutoboa chini ya ardhi zimewahi kupitisha mabomba ya gesi katikati ya mabomba ya majitaka bila waliokuwa juu kujua. Ukiona bomba jembamba la plastiki limekatiza ndani ya bomba lako, usiguse kitu. Ondoa kamera, zuia mtu yeyote asizibue njia hiyo, na upige simu kwa shirika la gesi. Kisu kikilikata, gesi itafuata bomba la majitaka hadi ndani ya nyumba.

Namna ya kusoma unachokiona

Hapa ndipo watu hutapeliwa au hujitapeli.

*Mizizi.* Inaingia karibu kila mara kwenye ungio, mara nyingi upande wa juu au ubavuni. Nywele chache nyembamba si dharura. Hukatwa na kutazamwa tena. Kichaka kilichojaza nusu ya bomba ni habari nyingine. Lakini swali la maana linakuja baada ya kukata: ungio limebakije? Kama bado limekaa sawa, kukata kila baada ya muda kunaweza kutosha kwa miaka. Kama kipande kimemeguka, mizizi itarudi na udongo utaingia nayo.

*Maungio yaliyohama.* Utaona mwezi mwembamba wa ukingo wa bomba upande mmoja. Kiasi kidogo ni kawaida kwa udongo wa kuchoma uliokaa ardhini miongo mingi. Jiulize ukingo umeelekea wapi. Ukiwa unatazama mkondo unakokwenda na ukingo wa bomba linalofuata umeinuka kwa upande wa chini, karatasi zitanasa hapo. Ukingo uliohama kwa juu hausumbui sana.

*Nyufa.* Kwanza hakikisha ni ufa, si doa la mafuta wala unywele wa mzizi uliolala ukutani. Sogeza kamera, ufa una kivuli kinachobadilika. Ufa mwembamba kuzunguka bomba, bila kitu kilichohama, unaweza kukaa hivyo muda mrefu. Nyufa zinazokwenda kwa urefu wa bomba, moja juu, moja chini na mbili ubavuni, zikiwa na bomba lililoanza kupoteza uduara wake, zinasema bomba linakandamizwa na litaporomoka. Hili ndilo la kufanyia haraka. Ukiona udongo, kokoto au giza tupu nyuma ya ufa, tayari kuna shimo linalokua nje ya bomba, na sakafu au njia iliyo juu yake iko hatarini.

*Chuma chenye kutu.* Kila bomba la chuma la zamani linatisha kwenye kamera. Magamba ya kutu yamejaa, rangi ni ya kahawia na nyeusi, mtazamaji anashika kichwa. Magamba hukwanguliwa. Tazama namba 6, yaani chini kabisa. Mtaro mwembamba mweusi uliokula sakafu ya bomba, na maji yanayoingia humo na kutoonekana tena, ndiyo dalili kwamba chuma kimekwisha.

*Bomba la lami lililobonyea.* Duara limekuwa yai, na malengelenge yamening'inia. Kulipiga maji ya presha kubwa ni kulimaliza. Hapa sina ushauri wa kulirefushia maisha, panga kulibadilisha.

*Bonde.* Kamera inazama, inakwenda chini ya maji, halafu inaibuka. Andika umbali inapozama na inapoibuka, tofauti yake ndiyo urefu wa bonde. Sasa makosa ya wengi: bomba likiwa limeziba mbele, maji hujaa nyuma ya kizuizi na kufanana kabisa na bonde. Ondoa kizuizi, ngoja dakika kumi na tano, tazama tena. Maji yaliyobaki ndiyo bonde. Kisha mwaga ndoo moja kutoka juu na uangalie kama uchafu unavuka au unabaki. Bonde fupi la maji ya kina kidogo ambalo kila kitu kinalivuka si la kuchimbia. Bonde refu linalofika nusu ya bomba au zaidi litaziba mara kwa mara, na hakuna dawa wala mashine ya kulinyoosha: lazima kuchimba na kurudisha mteremko. Kwa bomba la milimita 100, mteremko wa kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita ndio unaotafutwa mara nyingi, ila fuata kanuni za ujenzi za mahali nyumba ilipo.

*Maji safi yanayoingia.* Kama nyumba nzima imefunga maji na bado kuna mtiririko, tazama maungio kwa muda. Maji ya ardhini yanaingia. Kama maji yanaweza kuingia, majitaka yanaweza kutoka msimu wa kiangazi.

Kabla ya kukubali kuchimba

Dai mambo matatu: faili la video lote bila kukatwa, umbali na kina cha kila tatizo, na alama iliyowekwa ardhini mbele yako. Anayesema kamera yake hairekodi hana kazi ya kukuuzia. Ukiwa na video, unaweza kumpa fundi wa pili aitazame bila kufungua chemba upya. Wakaguzi waliofunzwa hutumia misimbo ya kawaida kutaja kasoro, kama ile ya kiwango cha EN 13508-2 huko Ulaya au PACP ya NASSCO, chama cha sekta ya majitaka huko Marekani, na ripoti ya namna hiyo ni rahisi kulinganisha na ya mwingine.

Kuna njia za kutengeneza bila kuchimba ua wote. Bomba lenye nyufa na mizizi lakini bado lina umbo lake linaweza kuvalishwa ndani soksi ya resini inayogeuka kuwa bomba jipya. Lililobonyea au kumeguka linaweza kupasuliwa kutoka ndani huku jipya likivutwa nyuma yake, mradi kuna upenyo wa kupitisha kebo. Soksi hufuata umbo la bomba lililopo, kwa hiyo bonde litabaki bonde. Ukiuziwa soksi kama tiba ya bonde, unauziwa bonde jipya.

Mambo yakigoma

*Picha nyeusi au nyekundu tupu.* Kichwa kimezama kwenye tope au kimegusa ukuta. Rudi nusu mita, mwaga maji, punguza mwanga. Taa kali kupita kiasi kwenye maji machafu hurudisha ukungu mweupe, kama taa kubwa za gari barabarani wakati wa ukungu.

*Picha ina ukungu hata bomba likiwa kavu.* Ama ni mvuke wa maji ya moto, ngoja upoe, ama unyevu umeingia ndani ya kioo. Ukiwa ndani ya kioo, usitumie kamera tena hadi itengenezwe.

*Picha inazunguka na huelewi juu ni wapi.* Fungua maji kidogo. Maji hukaa chini, na hapo ni namba 6.

*Kaunta haikubaliani na futi kamba.* Kebo iliteleza kwenye gurudumu au ilijikunja ndani ya chemba pana. Ivute kidogo hadi inyooke ndipo usome. Tofauti ndogo ni kawaida; ya mita nzima si kawaida. Kwa kuchimba, iamini ishara ya transmita kuliko kaunta.

*Kipokezi hakisikii kitu.* Hakikisha kimewekwa kwenye 512 Hz na betri zipo. Nondo za sakafu, uzio wa chuma na nyaya za umeme huvuruga ishara. Zima transmita utazame kama kipokezi bado kinaonyesha kitu. Kikionyesha, unafuata umeme wa nyumba, si kamera.

*Kamera imekwama.* Usivute kwa nguvu, kebo hukatika kwenye shingo ya kichwa. Sukuma mbele kidogo kwanza, zungusha taratibu kwa mkono, mwaga maji mengi kutoka juu, vuta polepole. Ikikataa, zungusha upande mwingine na ujaribu tena. Ikiendelea kukataa, washa transmita, weka alama, na uamue kama utaifikia kutoka upande wa pili au utachimba. Walau sasa unajua pa kuchimba.

*Bomba ni zima lakini bado linaziba.* Angalia hewa. Bomba la hewa lililozibwa na kiota au majani hufanya choo kivute vibaya na sinki ligugumie. Angalia pia kinachotupwa: vitambaa vya kufutia watoto haviyeyuki, hata pakiti iseme nini.

Ukimaliza, kunja kebo huku mwenzako akiifuta kwa tambara lenye klorini kadiri inavyotoka, si baada ya kuizungusha yote ikiwa chafu. Osha kichwa kwa maji safi na sabuni, kausha, hakikisha kioo hakina mkwaruzo. Funga mdomo ulioufungua, fungulia maji na utazame kama kifuniko kinavuja. Nakili video mahali pawili, na jina la faili liwe na tarehe na mahali ulipoingilia, kwa sababu video ya mwaka huu ndiyo utakayoiweka kando ya ile ya mwakani kuona kama ule ufa umesogea.